Kuichunguza kwa mwanga ngozi inayolika kwa krimu za steroidi: mwongozo kamili

Krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe wa ngozi, huanza kuila ngozi kabla mwenyewe hajaona kitu kwenye kioo. Seli za tabaka la juu hupunguza kasi ya kugawanyika, tabaka la chini hupoteza maji, kisha kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi, hutengenezwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Yote hayo hayaumi. Tena mwanzoni yanapendeza: ngozi inalainika, inang'aa, rangi inafunguka, majirani wanasifia. Wengi hufika kituo cha afya michirizi ikiwa imeshachora mapaja, na michirizi ikishaingia haifutiki.

Ipo njia ya kukata kipande cha ngozi na kukitazama maabara, lakini nani atakubali kukatwa shavu ili tu ahakikishe? Mwanga unafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kisu. Mwongozo huu unaanza na tochi ya simu na dirisha, unapita kwenye lenzi ya ngozi, unaishia kwenye mashine zinazopima unene kwa sehemu za elfu za milimita. Kanuni ni moja kote: usiipime ngozi peke yake, ilinganishe na ngozi ya mtu yuleyule isiyopakwa kitu, au na picha yake ya zamani. Hakuna namba moja ya "unene wa kawaida". Ngozi ya kope ina unene wa kama nusu milimita tu, na ya mgongoni inaizidi mara kadhaa. Ukiambiwa ngozi yako ni nyembamba, uliza: kuliko ipi?

Nimewaandikia watu wa Tanga, wa Ngamiani na Makorora mpaka Muheza na Pangani, kwa kuwa huku nawaona watumiaji wa aina mbili. Wa kwanza ana ukurutu au pumu ya ngozi, aliandikiwa tyubu ya wiki mbili ikamfaa, akaendelea kujinunulia duka la dawa bila kurudi kwa aliyemwandikia. Wa pili ni wa mkorogo, na hapo msimu wa harusi una mambo yake. Wote wawili hatua ni zilezile.

Anza na tyubu, tochi baadaye

Nguvu ya steroidi haisomwi kwa asilimia. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu, ilhali klobetasoli ya asilimia 0.05, ambayo kwa namba inaonekana ndogo, ni kali kuliko hiyo kwa mamia ya mara. Katikati wapo akina betamethasoni na mometasoni, ambazo nazo ni kali. Kwenye boksi klobetasoli huanza kwa herufi C (clobetasol) na haidrokotisoni kwa H (hydrocortisone). Soma yale maandishi madogo ya viambato, si jina kubwa la mbele.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata watu makini, nao ni krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi ndani ya tyubu moja. Mtu anainunua kwa ajili ya fangasi wa kinenani, muwasho unaisha siku ya pili, anaona dawa hii kiboko, anaendelea. Kumbe kilichotuliza muwasho ni betamethasoni, fangasi wenyewe wanatanuka taratibu huku wamebadilika sura kiasi kwamba hata mganga anashindwa kuwatambua.

Kopo lisilo na orodha ya viambato lihesabu kuwa lina steroidi kali mpaka ithibitike vingine. Hapa nchini dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango. Kopo la mkorogo lililokorogwa chumbani halijapita kwa yeyote kati ya hao.

Kisha andika kwenye daftari: jina la krimu, unapaka wapi, mara ngapi kwa siku, tangu lini, na tyubu moja inakaa siku ngapi. Hilo la mwisho lina thamani kuliko kumbukumbu ya "napaka kidogo tu". Kwa klobetasoli, maelekezo ya dawa yenyewe yanasema isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Kama hujui unapaka kiasi gani, tumia ncha ya kidole: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka mkunjo wa kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kipimo hicho kilielezwa na madaktari wa ngozi wa Uingereza mwaka 1991 na mpaka leo sijaona kilicho rahisi kuliko hicho.

Chagua mahali pa kupima

Usijipime mwili mzima, utachoka na hutajifunza kitu. Chagua sehemu mbili au tatu ambazo ngozi inanyonya dawa zaidi. Mwaka 1967 Feldmann na Maibach walilinganisha haidrokotisoni inavyopenya sehemu mbalimbali za mwili. Wakiuhesabu mkono wa mbele kuwa 1, paji la uso lilikuwa 6, taya 13, na ngozi ya korodani 42. Ndiyo maana krimu ileile inayovumilika mkononi inaweza kuuharibu uso, na kinena ndiyo zaidi. Makwapa, kunjo za viwiko, nyuma ya magoti na chini ya matiti nako dawa hufunikwa na joto na unyevu, ikapenya zaidi. Kwa hali ya hewa ya mwambao huu usizidharau sehemu hizo.

Kila sehemu iliyopakwa itafutie mwenza wake. Kama unapaka kiwiko cha kulia tu, mwenza ni cha kushoto. Kama unapaka pande zote mbili, tafuta ngozi ya jirani isiyofikiwa, mfano upande wa ndani wa mkono juu karibu na kwapa. Mtu wa mkorogo anayepaka kuanzia kichwani hadi miguuni hana mwenza. Kwake picha za leo ndizo mwanzo, na ulinganifu utakuwa wa tarehe kwa tarehe.

Weka alama. Doa la kuzaliwa, kovu la chanjo begani au kipele cheusi cha siku nyingi kitakusaidia kurudi mahali palepale. Pima kwa rula kutoka kwenye alama hiyo, andika sentimita. Ukihama vidole viwili tu, unalinganisha ngozi mbili tofauti.

Itayarishe ngozi

Osha kwa maji ya kawaida, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha kaa kivulini chini ya feni kwa dakika 20. Mtu aliyetoka kutembea juani mishipa yake imetanuka na jasho linang'aa, na mng'ao wa jasho unafanana sana na mng'ao wa ngozi iliyolika. Siku hiyo usipake mafuta yoyote, iwe ya nazi, vaselini au losheni. Mafuta hujaza vijifereji vya ngozi ikaonekana sawasawa, na maji ya kuoga kwa muda mrefu huivimbisha ngozi ya juu. Singo na liwa viahirishwe pia, tena kwa sababu kubwa kuliko picha: ngozi iliyokonda ukiisugua kwa singo inachubuka.

Saa ya kupima iwe moja siku zote. Mimi napendelea asubuhi, kabla joto halijakolea.

Mwanga wa pembeni

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanga ukiigusa ngozi, sehemu ndogo, kama asilimia 4 hadi 5, hurudi palepale juu bila kuingia. Huo ndio mng'ao, nao unabeba habari za umbo la juu: vijifereji, mikunjo, magamba. Unaobaki huingia ndani, unagongana na nyuzi za kolajeni, unanyonywa na damu na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, kisha sehemu yake inatoka tena ikiwa imebeba rangi. Kwa hiyo una maswali mawili, la juu na la ndani, na kila moja lina mwanga wake. Ukimulika wima unaona rangi. Ukimulika kwa kulaza tochi unaona umbo, kwa sababu kila kijifereji kinatupa kivuli.

Funga pazia, zima taa, bakiza tochi moja. Ilaze karibu sawa na ngozi, mwinuko wa nyuzi 10 mpaka 20 hivi, kwa umbali wa shubiri moja. Zungusha tochi taratibu kuizunguka sehemu hiyo, maana mikunjo iliyolala upande mmoja huonekana mwanga ukitoka upande wa pili. Ngozi nzima ya mkono ina mistari inayokatana ikifanya vipembe vidogovidogo, na vivuli vyake vinaonekana wazi. Ngozi inayolika hufifisha mistari hiyo. Vipembe vinakuwa vikubwa au vinatoweka, na mahali pake unapata bapa linalong'aa.

Halafu fanya jaribio la pili. Kwa vidole viwili isogeze ngozi pande zote mbili kuelekea katikati, polepole, bila kufinya. Ngozi nzima inainuka kama tuta moja au mawili manene. Iliyokonda inajikunja mikunjo mingi myembamba, kama ganda la ndani la kitunguu, na ukiachia inakawia kunyooka. Rudia kwa mwenza wake. Tofauti ikiwepo utaiona hapohapo, huhitaji kuambiwa.

Nakumbuka shangazi mmoja wa Chumbageni, mtu wa makamo, aliyeletwa na bintiye. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, mimi sijichubui. Ni singo tu na krimu ya mba." Tukamkalisha karibu na dirisha, tukavuta pazia, tukalaza tochi kwenye mkono wa kushoto. Chini ya kiwiko, vijifereji vilikuwa vinakuja vizuri, vikafika mahali vikakatika kwa mstari ulionyooka. Kuanzia hapo kwenda kwenye kifundo ngozi ilikuwa bapa, inang'aa, na vena za kijani zikionekana kama zimechorwa juu. Mpaka huo ulikuwa mahali mkono wa dera lake unapoishia. Alichokuwa akikipaka alikipaka pale panapoonekana na watu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuona kwanza, akauvuta mkono wa dera, akacheka kidogo, akasema, "Haya, leteni hilo daftari."

Mpaka wa namna hiyo, unaofuata nguo au unaofuata mahali mkono wa mpakaji ulipofika, ni ushahidi mzuri kuliko wekundu. Uzee hauna mpaka ulionyooka.

Mwanga wa ndani: mishipa na rangi

Kwa swali la ndani unahitaji kuuondoa mng'ao wa juu. Lenzi ya ngozi, ambayo madaktari huiita dematoskopu, hukuza mara 10 hivi na nyingi zina mwanga uliochujwa: kichujio kimoja mbele ya taa, kingine kimegeuzwa nyuzi 90 mbele ya jicho. Mng'ao wa juu unakwama kwenye kichujio cha pili, mwanga uliozama na kutoka ndani unapita. Zipo za kubandika kwenye kamera ya simu, na mganga wa ngozi akiwa nayo, mwombe akuoneshe picha.

Kinachotafutwa ni mishipa myembamba yenye matawi ambayo kwa mwenza haipo, wekundu uliotawanyika nyuma yake, mabaka meupe yasiyo na mchoro ndani, vinyweleo vilivyoongezeka mashavuni kwa aliyepaka usoni, na vidoa vya kahawia. Kimoja pekee si hukumu. Mishipa na ubapa wa ngozi vikikutana mahali palipopakwa, basi.

Usiibonyeze lenzi. Ukiibonyeza unaifukuza damu, na mishipa uliyokuja kuitafuta inapotea mbele ya macho yako. Weka jeli ya maji kati ya kioo na ngozi, iguse kwa wepesi. Ukishamaliza ndipo ubonyeze makusudi: wekundu ukitoweka, damu imo ndani ya mishipa, ukibaki, imeshavuja nje, na hiyo ni dalili kwamba kuta za mishipa zimekosa wa kuzishikilia. Rula ya plastiki inayopitisha mwanga inatosha kwa jaribio hilo.

Mwanga wa kijani ni msaada mwingine. Damu hunyonya kijani sana, kwa hiyo mishipa huonekana myeusi zaidi. Baadhi ya programu za picha kwenye simu zinakuruhusu kutazama rangi ya kijani peke yake kutoka kwenye picha uliyokwisha kupiga.

Sasa jambo ambalo maelezo mengi kutoka nje huliruka. Dalili nyingi za vitabuni zimeandikwa kwa ngozi nyeupe, na neno linalorudiwa ni wekundu. Kwenye ngozi yetu melanini inanyonya mwanga uleule, hasa wa bluu na kijani, kabla haujaifikia damu. Wekundu unageuka zambarau, au kahawia iliyokolea, au hauonekani kabisa. Ukingoja wekundu utangoja mpaka michirizi. Kwa mtu mweusi nategemea mambo haya kwa mpangilio huu: umbo chini ya mwanga wa pembeni, vena kubwa zinazoonekana kuliko upande wa pili, mabaka yaliyopauka, na sugu za vidole zilizobaki nyeusi wakati mkono mzima umefunguka.

Na kupauka kwenyewe kuna udanganyifu. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu, ngozi ikapauka saa chache baada ya kupakwa. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walikitumia kitendo hichohicho kupanga nguvu za steroidi: inayopausha zaidi ndiyo kali zaidi. Yaani ule "weupe wa haraka" ambao mwali anausifia kwa somo wake ndicho kipimo cha ukali wa dawa. Mishipa hiyo ikizoea, au dawa ikiachwa, hutanuka kupita ilivyokuwa, na uso unawaka.

Picha za mfululizo

Jicho linasahau, na linajipendelea. Picha ndiyo inayogeuza haya yote kuwa kipimo.

Zima kwanza urembo wa kamera. Simu nyingi zinalainisha ngozi zenyewe bila kuulizwa, na utajikuta unapima programu. Tumia kamera ya nyuma, zima flashi na kile kitu cha kuchanganya picha nyingi kuwa moja, shikilia kidole kwenye kioo cha simu mpaka mwanga na umbali vijifunge. Simu isimame juu ya kitu, vitabu viwili vinatosha, sentimita 20 kutoka kwenye ngozi. Kando ya sehemu unayopiga weka rula na kipande cha karatasi nyeupe ya kawaida. Rula inakupa ukubwa, karatasi inakuonesha kama rangi ya mwanga imebadilika tangu mara ya mwisho.

Kila sehemu ipigwe mbili: moja mwanga wa wima, moja mwanga wa pembeni. Kisha mwenza wake vilevile. Anayetumia krimu kali apige kila wiki. Ya wastani, kila wiki mbili. Jina la picha liwe tarehe na mahali, si "mkono mpya 2". Na picha za kinena au matiti zisikae kwenye simu inayopita mikononi mwa watoto, wala zisitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp hata la ndugu.

Ukizilinganisha, ziweke mbili kwa pamoja na mwombe mtu asiyejua ipi ni ya lini aseme ipi ina mistari michache. Asipoweza kusema, hakuna tofauti ya kuaminika bado.

Mashine zinazotoa namba

Vituo vya utafiti na hospitali chache kubwa duniani zina vifaa vinavyopima unene wenyewe. Ukikutana navyo safarini, au ukiombwa kushiriki utafiti, uelewe kinachosomwa.

Cha kwanza kujua ni OCT (optical coherence tomography), mashine ya kuchora tabaka za ngozi kwa mwanga, teknolojia iliyotangazwa mwaka 1991 na kundi la Marekani kwa ajili ya jicho, baadaye ikaletwa kwenye ngozi. Inatuma mwanga usioonekana, kwa ngozi mara nyingi wa urefu wa mawimbi wa nanomita 1300 hivi, na kuulinganisha mwanga unaorudi na mwenzake uliopita njia inayojulikana urefu. Kutokana na tofauti hiyo inajua kila tabaka liko kina gani. Inafika milimita 1 hadi 2, inatenganisha vitu vilivyoachana kwa mikromita 5 mpaka 15 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na inachora ukuta wa ngozi kwa sekunde chache. Kwa watu weusi mwanga huo una faida: melanini hainyonyi sana mawimbi marefu, hivyo namba haitegemei sana rangi ya ngozi.

Muulize mpimaji mambo matatu. Je, amegawa namba kwa kipeo cha kupinda kwa mwanga katika ngozi, kama 1.4? OCT inapima njia ya mwanga, na bila mgawanyo huo unene unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Je, amepima sehemu kadhaa ndani ya eneo hilo na kuchukua wastani? Ngozi ya juu ina mawimbimawimbi, na mstari mmoja unaweza kuangukia bondeni. Na je, amepima upande wa pili kwa mkono mwepesi uleule? Kwa mfano, upande usiopakwa ukiwa mikromita 80 na uliopakwa 68, umepungua asilimia 15. Namba 68 peke yake haisemi kitu.

Hadubini ya konfokali inatumia leza ya nanomita 830 hivi na inaona seli mojamoja, lakini haizidi kina cha kama robo milimita, kwa hiyo inafaa kwa tabaka la juu na si kwa kolajeni ya chini. Zipo pia hadubini za leza zenye mipigo mifupi mno ambazo kolajeni yenyewe inazirudishia mwanga wa nusu ya urefu wa wimbi, ukaiona ilipo na ilikopungua. Ultrasaundi ya megahezi 20 si mwanga bali sauti. Naitaja kwa sababu inapima unene wa tabaka zote mbili kwa pamoja, na mara nyingi hutumiwa sambamba na OCT kuhakiki.

Kwa nini kuhangaika na tabaka la juu, wakati michirizi iko chini? Kwa sababu la juu ndilo linalotangulia kukonda, na ndilo linalorudi. Krimu ikisimamishwa mapema, hujijenga tena ndani ya wiki kadhaa. Kuliona linakonda ni kuikamata hali wakati bado inarudi nyuma.

Visije vikakuchanganya

Jua la miaka mingi na uzee hukondesha ngozi pia, lakini huenda pande zote mbili na hufuata sehemu zinazopigwa na jua. Mvuvi au mkulima wa mkonge mwenye miaka 60 atakuwa na mikono myembamba bila kupaka chochote. Mlinganishe na tumbo lake. Michirizi ya ujauzito na ya kunenepa ghafla hukaa tumboni, nyongani na matitini. Ya steroidi hupenda makwapa, kinena na kunjo, pale krimu ilipopakwa. Mabaka meupe yenye ukingo mkali na weupe wa chaki yanaweza kuwa mbalanga, ule ugonjwa wa madoa meupe, na taa ya urujuanimno ya kliniki huyatofautisha. Baka au doa lisilo na hisia, ukiligusa kwa pamba hulisikii, liende hospitali mara moja hata kama hukupaka kitu. Hapo wasiwasi ni ukoma.

Ukishaona

Usiitupe krimu siku hiyohiyo kama umeitumia kwa miezi, hasa kali na mwili mzima. Steroidi inayopenya ngozini inaweza kuzilaza tezi za juu ya figo, zikaacha kutengeneza homoni ya mwili. Mtu akikatisha ghafla anaweza kulegea, kutapika, presha kushuka na hata kuzirai. Hizo ni dalili za kukimbilia hospitali, na ukifika sema wazi kwamba ulikuwa unapaka nini. Wahudumu wakijua, matibabu yapo. Kwa mtoto mdogo hatari hii ni kubwa zaidi, maana ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake.

Nenda na daftari, picha na tyubu au kopo lenyewe. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo ndipo pa kuanzia kwa walioko mjini, na kesi ngumu zinaweza kupelekwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992. Mganga ataamua kama ushushwe kwenye krimu dhaifu, upake siku kwa kuruka, au ubadilishiwe dawa isiyo steroidi. Mwenye ukurutu asiogope kupita kiasi na kuacha tiba. Haidrokotisoni dhaifu, kwa muda uliopangwa, mahali sahihi, mara chache inaleta balaa hili.

Ngojea uso kuwaka kabla haujatulia. Kwa waliojipaka usoni muda mrefu, wiki za kwanza baada ya kuacha huja na wekundu, vipele na muwasho, na hapo ndipo wengi hurudia kopo wakidhani ugonjwa umerudi. Endelea kupiga picha kila wiki kipindi hicho, kwa mwanga wa pembeni hasa. Uso unaweza kuwa mbaya kwa rangi huku vijifereji vikianza kurudi, na picha ndiyo itakayokuonesha hilo. Jikinge na jua kwa kofia, mtandio au mwamvuli, paka mafuta mazito yasiyo na harufu, na singo isubiri mpaka mikunjo ile myembamba imetoweka.

Aliyekuwa akipaka kwenye kope au karibu na macho ana kituo cha ziada: kliniki ya macho, akapimwe mgandamizo wa jicho. Steroidi ya hapo inaweza kuupandisha bila maumivu yoyote, na hilo tochi ya simu haiwezi kuliona.